Kabla hujachangia utafiti wa ugonjwa wa Parkinson

Wengi wetu tunaochangia utafiti wa magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu tuna mgonjwa nyumbani, au tulikuwa naye. Mwigizaji Michael J. Fox aligundulika kuwa na Parkinson mwaka 1991 akiwa na miaka 29, na mwaka 2000 akaanzisha mfuko wa kugharamia utafiti wa ugonjwa huo. Mimi nachangia kwa sababu ya baba. Ulianza mkono wa kulia kutetemeka, hatua zikawa fupi, kisha sauti ikafifia hadi tukawa tunamsogelea ili tumsikie. Ndugu wengine walisema ni uzee, wengine wakasema amerogwa.

Alipoanzishiwa levodopa, baba akaweza tena kufunga vifungo vya shati mwenyewe. Tulifurahi mno. Lakini dawa hiyo, inayotumika tangu miaka ya 1960 na ambayo bado ndiyo kuu, haifufui seli za ubongo zilizokufa. Inafidia dopamini iliyopungua, yaani kemikali ya ubongo inayosaidia mwili kujongea, na ugonjwa unaendelea chini kwa chini. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba pesa ya dawa ni moja na pesa ya utafiti ni nyingine.

Kwa hiyo anza na dozi ya mgonjwa wako. Usichangie utafiti huku mzee anaruka vidonge ili vifike mwisho wa mwezi. Na ukichangia, jua kwamba huenda matunda yake yasimfikie yeye. Anayetoa akitarajia baba yake apone mwakani huchoka mapema na kuacha kwa uchungu.

Mimi kilichonishawishi ni utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo la watu wapatao 161,000, wakapata wagonjwa 33 wa Parkinson. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Fikiria mzee anayekaa na ugonjwa huu miaka bila hata jina lake, wakati dawa ya kumpunguzia mateso ipo duniani! Mtu alilazimika kugharamia safari za hao waliobisha hodi. Bila wao, nani angeagiza dawa kwa ajili ya wagonjwa ambao hakuna anayejua kama wapo?

Usidharau kidogo ulicho nacho. Mwaka 2014 watu walijimwagia ndoo za maji ya barafu kwa ajili ya ALS, ugonjwa mwingine unaoua neva zinazoendesha misuli, na chama cha ALS cha Marekani kikapata dola milioni 115. Wengi walitoa kwa sababu tu rafiki amewataja, na sioni ubaya wowote. Mwaka 2016 watafiti waliosaidiwa na fedha hizo walitangaza kuwa jeni iitwayo NEK1 inahusika na ugonjwa huo. Sisi tuliozoea kadi za michango ya harusi tunaujua mwendo huu. Kwetu tunachanga kila mwezi kupitia kundi la familia; dada mkubwa ndiye mweka hazina, na kila akituma pesa anaweka risiti pale wote tuione.

Kabla ya kutoa, uliza pesa inakwenda kwenye utafiti, kwenye huduma au kwenye matangazo, na uombe kuona hesabu za mwaka. Kama utafiti unafanyika Tanzania, uliza kuhusu kibali cha maadili cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Anayekuahidi kwamba tiba ya kuponya itapatikana karibuni, mwache.

Tena mchango si pesa tu. Mwaka 2023 watafiti walitangaza badiliko katika jeni ya GBA1 linaloongeza hatari ya Parkinson, ambalo hupatikana karibu kwa watu wenye asili ya Afrika peke yao. Lilionekana kwa sababu watu wa Nigeria, na Wamarekani wenye asili ya Afrika, walikubali kutoa sampuli. Kwa miaka mingi tafiti za namna hii zilichunguza zaidi watu wenye asili ya Ulaya. Basi ukiombwa damu au mate kliniki, soma fomu ya ridhaa, uliza sampuli itahifadhiwa wapi na kama utapewa majibu, kisha utoe ukiridhika. Baba ameshatuambia yeye akiombwa atatoa, ila anataka kwanza aelezwe yote kwa Kichaga.