Maswali Yenu: Hewa ukaa kiduchu hivi, joto lote hili?

Safari hii mmeniletea maswali ya joto tu, nadhani Februari imewachosha. Nimechukua manne.

SWALI: Mwanangu yuko form two, kaniambia hewa ukaa ni asilimia 0.04 tu ya hewa yote. Sasa kitu kiduchu hivyo kinapashaje dunia nzima? Mi naona tunapigwa tu. (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Mzazi mwenzangu, hesabu ya mtoto iko sahihi, mpe hongera. Ila ujue naitrojeni na oksijeni, ambazo pamoja ni kama asilimia 99 ya hewa kavu, kwenye hili suala hazina habari, joto linazipita kama halijaona mtu. Jua likipiga mchana ardhi inapata moto, afu nayo inaanza kulirudisha juu lile joto, macho hayalioni ila pita karibu na ukuta wa tofali saa moja jioni utalisikia kabisa, sasa hilo ndo linalonaswa na mvuke wa maji, hewa ukaa, methani na wenzao wachache, wanalinasa wanalitema kila upande na sehemu yake inarudi huku chini. Yaani hao wachache ndo wanafanya kazi yote. Wasingekuwepo kabisa wastani wa joto la dunia ungekuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri badala ya 15 hivi za juu, tungeganda. Kwa hiyo hizo gesi zinazonasa joto, yaani gesijoto, zenyewe sio adui, shida ni kuzijaza.

Unataka ushahidi wa mwilini? Nenda Dodoma mwezi wa saba anga likiwa jeupe. Mchana jua kali, usiku unatafuta sweta, maana hewa ni kavu na joto linatoroka. Kwenu Mbagala mvuke umejaa hewani, na bahari jirani nayo inachangia, feni inazungusha joto lilelile mpaka alfajiri.

Sasa turudi kwenye hewa ukaa. Kabla ya viwanda ilikuwa kama sehemu 280 kwenye kila milioni, mwaka 1958 mwanasayansi Mmarekani Charles Keeling alipoanza kuipima kule Mauna Loa, Hawaii, ilikuwa kama 315, leo imepita 420. Nusu nzima imeongezeka. Na kabla hujaniambia labda jua ndo limezidi, jua lingekuwa ndo mchawi basi hewa ya juu, ile stratosfia, nayo ingepata moto, lakini vipimo vinaonyesha huku chini kunapanda na kule juu kunapoa. Wabishi huwa nawapa hiyo kwanza.

SWALI: Kwa hiyo tundu la ozoni ndo linaingiza joto? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Hapana, hizo ni kesi mbili na watu wanazichanganya kila siku. Ozoni ni gesi ya kule juu angani inayotukinga na mionzi ya jua inayounguza ngozi. Iliharibiwa na gesi za mafriji na spirei za zamani, nchi zikakubaliana Montreal mwaka 1987 kuziacha na sasa inapona polepole.

SWALI: Nalima mwani Paje, Zanzibar. Ule mnene, kotonii, unapauka afu unakatika kwenye kamba. Wazee wanasema bahari imechoka. Ndo hayo mambo ya tabianchi? (Mama mkulima)

JIBU: Pole sana dada. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalonaswa na gesijoto limeingia baharini, na nyie mnalima kwenye kina kifupi, maji yakipwa mchana yanabaki ya magotini na jua linayapasha vizuri, kotonii ikizidiwa inadhoofika, bakteria wanaingia, inatoa madoa meupe na kukatika vipande. Sio joto peke yake, mvua kubwa ikipunguza chumvi nayo inaiumiza. Ndo maana wengi mmebaki na spinosum, ule mwembamba, unavumilia ila bei yake ya kutupwa. Dawa mnayoambiwa ni kuhamia kina kirefu. Sawa, ila anayesema hivyo aje na boti na mwalimu wa kuogelea, maana wakulima wengi ni kina mama na wengi hawajawahi kufundishwa.

SWALI: Eti ng'ombe wangu wakijamba wanaharibu dunia? (Mfugaji, Monduli)

JIBU: Kujamba ni kidogo mzee wangu, methani nyingi inatokea mdomoni ng'ombe akibeua. Ina nguvu kuliko hewa ukaa ila haidumu, ikikaa miaka kama 12 hivi nyingi imeshaisha, wakati hewa ukaa sehemu yake inabaki karne na karne. Anayekulaumu mwulize kwanza habari za makaa ya mawe na petroli yake, Afrika nzima inatoa kama asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya mafuta na viwanda duniani. Ila ukipata mbegu ya nyasi nzuri panda, ng'ombe aliyeshiba vizuri anatoa gesi kidogo kwa kila lita ya maziwa, na maziwa yenyewe unauza wewe.