Babu alipigana Burma, mjomba hakupigana

Mmeuliza wiki hii: aliyepitia vita asamehewe akiendelea kulichukia taifa zima la waliokuwa adui zake? Jibu langu ni hapana. Lakini nina babu.

Babu mzaa mama, kwenye Vita Kuu ya Pili, alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, Divisheni ya 11, ile ya nembo ya kichwa cha kifaru. Mwaka 1944 waliwasukuma Wajapani kushuka bonde la Kabaw, huko Burma (Myanmar ya leo), mvua hazikatiki, matope magotini, malaria juu yake. Mdogo wake, askari wa mizinga, hata Burma hakufika. Meli yao, Khedive Ismail, ilitoka Mombasa kwenda Colombo, na tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Kijapani ikaizamisha karibu na Maldivi. Walikufa watu wapatao 1,300.

Miaka ya themanini Wajapani walikuja Moshi kwenye mradi wa umwagiliaji wa mpunga. Siku moja mmoja wao akapita kwetu kuomba maji ya kunywa. Babu, ambaye hakuwahi kumnyima mpita njia maji, aliingia ndani akafunga mlango. Bibi ndiye aliyemtolea kata, huku akiomba radhi. Kijana mwenyewe hata miaka thelathini hakuwa nayo. Sisi wajukuu tukaambiwa, "Mwacheni, alikuwa vitani."

Tukamwacha. Nilipokua ndipo nikajiuliza, mbona Waingereza aliwasamehe? Hao ndio waliomlipa mshahara mdogo kuliko Mzungu wa cheo chake. Na siku ile meli ilipozama, manowari zao ziliiwinda nyambizi kwa kutupa mabomu palepale manusura walipokuwa wakiogelea. (Hili babu hakuambiwa, nimelisoma mwenyewe ukubwani.)

Nadhani ni kwa sababu Waingereza aliwajua mmoja mmoja. Kulikuwa na kapteni mlevi aliyemchukia mpaka kaburini, na daktari aliyemponya mguu, ambaye jina lake alimpa mjomba wangu. Mjapani kwake alikuwa risasi itokayo kichakani, basi. Hawakuwahi kusalimiana. Nafasi ya kwanza ilipatikana miaka arobaini baadaye, imeshika chupa tupu mlangoni, naye akafunga.

Ndoto zilizokuwa zikimwamsha usiku simhesabii. Mlango aliufunga mchana, akili timamu, na aliyeaibika ni mtu ambaye 1944 hakuwa amezaliwa.

Ila anayenikera hasa ni mjomba. Kazaliwa 1951, vita kaviona kwenye televisheni, lakini matusi ya babu kayarithi yote pamoja na shamba. Ukimkemea anakujibu, "Baba yangu alipigana Burma."

Juzi msibani kamtusi hivyo Mchina wa kampuni ya barabara. Nikamwambia, "Mjomba, huyu ni Mchina. Wachina walikuwa upande wa babu."

"Si walewale tu," akasema, akaagiza chai nyingine.