Ukikuta mfupa pangoni, usiuoshe

Kosa langu la kwanza kwenye kazi ya pango lilikuwa usafi. Nilikuwa ndio kwanza nimemaliza skuli, nikapata kibarua cha kuchekecha udongo pangoni, huku kusini Unguja. Siku ya tatu chekeche likabakisha kipande cha mfupa kilichogandwa na udongo mwekundu. Nikaona nifanye hisani. Nikakitia kwenye ndoo ya maji, nikakisugua kwa mswaki mpaka kikawa cheupe pe, nikampelekea msimamizi huku natabasamu. Akaniuliza jambo moja tu: "Kimetoka tabaka gani la udongo?"

Sikujua. Nilishachanganya ndoo mbili za udongo.

Basi, ndugu zangu mnaochimba mawe, misingi na mashimo ya vyoo, na nyinyi vijana mnaowatembeza wageni mapangoni: ukikuta mfupa usioujua, uache hapo hapo. Mfupa uliohamishwa umepoteza nusu ya habari yake. Mkaa ulio pembeni yake ndio unaotaja umri, na mifupa ya wanyama walio katika tabaka lile ndiyo inayosema watu walikula nini. Pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, limetoa mifupa ya punda milia na nyati. Punda milia Unguja! Walifika kwa miguu, zama za barafu, bahari ilipokuwa chini sana na Unguja kuungana na bara. Mfupa huo ukiukuta mezani, umeoshwa, ni mfupa wa punda tu.

Jengine ni mikono yako. Vinasaba, yaani DNA, vya mtu wa kale huwa vimebaki vipande vipande, na joto letu la pwani ndilo adui yao mkubwa. Jasho lako, mate yako, hata chafya, vina vinasaba vipya tele vinavyofunika vile vya kale. Ndiyo maana wataalamu huvaa glavu na barakoa kwenye joto lile (mimi niliwacheka, nakiri). Wanachokitafuta zaidi ni mfupa wa sikio la ndani, mgumu kuliko yote mwilini. Wanatoboa kidogo, wanachukua unga usiojaza hata kijiko cha chai. Kwa hiyo fuvu lililovunjika si takataka, na kijipande kinachofanana na kokoto huenda ndicho chenye thamani kuliko vyote.

Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya vinasaba vya watu wa Kuumbi na wa pango la Makangale, kaskazini mwa Pemba, walioishi kama miaka 1,400 iliyopita. Asili yao ni ya wawindaji wa kale wa Afrika Mashariki. Damu ya wakulima wala ya wafugaji haikuonekana kwao. Mimi huyu wa Makangale ndiye ananinyima usingizi. Mkondo wa Pemba, ile bahari baina ya kisiwa na bara, una kina cha mamia ya mita, haukukauka hata bahari iliposhuka. Kwa hiyo yeye, au wazee wake, walivuka maji. Kwa chombo gani? Mfupa hausemi. Wala hausemi alizungumza lugha gani, kwa hivyo ukisikia mtu barazani anatumia vinasaba kuamua nani mwenyeji wa kweli wa visiwa hivi, mpe kahawa umgeuzie mazungumzo.

Ukishauona mfupa, piga picha, weka sarafu pembeni ili ukubwa ujulikane, funika kwa jani la mnazi, kisha mwambie sheha. Yeye atajua kama ni kaburi la jamaa za watu au ni jambo la kupelekwa Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Na kama pango lina mizimu, waone wazee kwanza. Usirukie ubani wa watu na viatu vyako.

Juzi jirani yangu alinigongea usiku, taa ya simu mkononi. Alikuwa anachimba shimo la choo, akaona meno. Nikashuka, nikachutama, nikatazama kwa muda. Taya la mbuzi, tena wa mwaka huu huu. Lakini alikuwa hajaligusa, na sarafu ya shilingi mia mbili ilikuwa pembeni yake.