Usilipie hiyo SU7 Max kabla hujafungua kifuniko cha chaji

Yakhe, simama hapo hapo. Arbuni usitoe.

Umeuliza hapa jukwaani, kati ya magari ya umeme Tesla Model S Plaid, Porsche Taycan na Xiaomi SU7 Max, ipi inakwenda mbali, ipi ina mbio na ipi ina mambo mengi ndani, nawe uko Abu Dhabi na kila ukipata nafasi unakwenda Muscat kwa familia. Wenzangu wameshakujibu ya sekunde, wamegombana, wamepatana. Mimi kilichonishtua ni ile sentensi uliyoibana mwishoni kama jambo dogo: kwamba kuna dalali ana SU7 mpya kutoka China, bei poa, na kasema inakwenda kilomita 800.

Kwanza hiyo 800. Si uongo, na ndiyo maana inaumiza watu. Ni kipimo cha Kichina, CLTC, ambacho wastani wa mwendo wake ni kama kilomita 29 kwa saa na hakipandi zaidi ya 114. Wewe barabara ya Abu Dhabi kuja Dubai unaruhusiwa 140! Kipimo hakifiki hata mwendo halali wa njia yako ya kila siku. Tazama BYD Seal ya mota mbili: China inaandikwa 650, Ulaya kwa kipimo chao cha WLTP inaandikwa 520, na betri ni ya ukubwa ule ule. Halafu ujue ukitoka 100 kwenda 140, upepo unaolisukuma gari nyuma unakaribia kuwa maradufu. Weka na AC ya mwezi wa nane, watoto wanne na mizigo ya shangazi, kisha uniambie 800 yako imebaki ngapi.

Lakini hayo mtu unayavumilia, unapunguza mwendo tu. Kilichonimaliza mimi ni tundu la chaji.

Nilinunua sedani ya Kichina ya kasi, iliyotengenezwa kwa soko la China. Kampuni siitaji kwa sababu wao hawana kosa, waliitengeneza iuzwe kwao na wakaiandika kwa lugha yao. Yadi iliyoniuzia nayo siitaji, sheria za mtandao za hapa mnazijua, nami nina watoto wanasoma. Ila yule bwana wa yadi, Mungu anamuona. Nilimuuliza kwa mdomo wangu, "Hii inachaji hapa?" Akanijibu, "Inachaji popote, sheikh, tunakupa na adapta bure." Bure! Nikaondoka nacheka peke yangu.

Sasa sikiliza vizuri. Magari ya soko la China yana tundu la GB/T, yaani la kiwango cha Kichina, na ni matundu mawili, moja la umeme wa kawaida wa nyumbani na moja la chaji ya haraka. Hapa Imarati na Oman vituo vingi ni vya kiwango cha Ulaya: Type 2 kwa chaji ya polepole na CCS2 kwa ya haraka. Kwa ile chaji ya polepole adapta haina taabu, ni waya kwa waya. Kwenye chaji ya haraka ndipo penye msiba. Chaja ya CCS na gari la GB/T hawaelewani kabisa: mmoja anapeleka ujumbe kwa mfumo wa PLC, mwingine kwa CAN, kama watu wa lugha mbili. Kwa hiyo ndani ya adapta mna kompyuta ndogo inayokaa katikati kama mkalimani, na mkalimani akikosea neno moja, chaja inakata.

Wangu alikosea mbele za watu. Kituo cha njia ya Al Ain, mchana wa Agosti, betri imeshuka hadi nimezima AC. Nachomeka. Taa ya adapta inawaka kijani, inapepesa, inageuka nyekundu. Kioo cha chaja kinaandika kinaunganisha, kisha imeshindikana. Nachomoa, narudia, adapta yenyewe imepata moto hadi naishika kwa kanzu. Nyuma yangu akaja bwana mmoja na Taycan, mstaarabu wa watu, akashuka kunishikia kebo. Nilipoona aibu nikampisha. Akachomeka yake mara moja, akaagiza chai ya karak, akamaliza, akaniombea dua, akaondoka. Mimi bado nimeinama na adapta. Mke wangu akanifungulia mlango akaniuliza kama tumenunua gari au simu bandia ya Karama.

Na teknolojia uliyoiuliza? Ipo tele, wallahi, kwa Kichina. Ramani ni ya China. Programu ya simu inataka namba ya China ndipo ikufungulie. Masasisho hayafiki. Usaidizi wa kuendesha, ule aliousifu dalali kwa nusu saa, umefungwa nje ya China. Siku moja kioo kikatoa onyo la njano, herufi nne tano na alama ya mshangao. Nikakipiga picha, nikatafsiri kwa simu: "Tafadhali nenda kituo cha huduma kilicho karibu." Kilicho karibu kipo ng'ambo ya bahari! Kusema "fungua dirisha" kwa Kichina nimeshajua, "punguza baridi" bado.

Bima nao wakaniuliza swali moja tu: gari ni GCC, yaani limetengenezwa kwa soko la nchi za Ghuba? Si GCC. Wawili wakakataa bima kubwa, wa tatu akanipa bei ya kunifukuza. Waranti hakuna, kwa sababu wakala wa hapa haitambui namba ya chasisi. Nikairudisha yadi wainunue japo kwa hasara. Yule bwana alinitazama kama mtu aliyekuja kuomba njia.

Kwa hiyo kwangu mimi mpangilio ni huu na sibadilishi: tundu la CCS2 kutoka kiwandani, waranti ya GCC mkononi, halafu ndio tuzungumze sekunde. SU7 Max ni gari zuri, betri yake ya kWh 101 na sekunde 2.78 kufika 100 si mchezo, lakini Xiaomi wenyewe walisema Ulaya wataingia 2027. Hiyo anayokuuzia dalali ni ya soko la China, full stop.

Na usidhani Plaid imekuokoa. Nguvu zake za farasi 1,020 sizibishi, ila zinazoletwa kutoka minada ya Marekani zina tundu la Kimarekani, utarudi kule kule nilikokuwa mimi. Tafuta iliyouzwa hapa. Taycan ukinunua kwa wakala huna neno, mfumo wa volti 800, na zile zilizoboreshwa 2024 zinapokea chaji ya haraka hadi kW 320. Kama shida yako kweli ni Muscat, mbona Lucid Air hukuitaja? Grand Touring inapimwa zaidi ya maili 500 kwa kipimo cha Marekani cha EPA, ambacho ni kigumu kuliko CLTC kwa mbali, na tangu 2023 wana kiwanda Saudia. Ya mbio nimeona kuna jamaa ameweka jedwali hapo juu, soma la kwake.

Ukienda tena kwa huyo dalali, mwambie afungue kifuniko cha chaji mbele yako. CCS2 juu ina duara la matundu saba na chini yake mawili manene. Ukikuta vifuniko viwili, kimoja cha tundu la duara lenye pini tisa, hiyo ni GB/T. Piga picha, na picha ya kibati cha chasisi pia, weka hapa hapa. Na akikwambia adapta ni bure, muulize ya nani, maana yangu ipo, naiuza.