Mkono wa chuma wa hamali: utainua kilo 500?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Naandika riwaya ya sayansi ya kubuni, mandhari yake Mombasa ya miaka hamsini ijayo. Mhusika mkuu ni hamali wa magodauni ya Shimanzi aliyekatwa mkono wa kulia juu ya kiwiko. Anawekewa mkono wa mitambo unaoinua kilo 500, pamoja na chipu ubongoni ili mkono uitikie haraka kuliko wa mtu yeyote. Rafiki zangu waliosomea uhandisi wanasema haiwezekani, ila hawanielezi kwa nini. Nirekebishe nini ili msomaji anayejua mambo haya asiifunge riwaya njiani? – Msomaji, Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu. Kazi yangu ni vifaa vya tiba, viungo bandia vikiwemo, na swali lako nimelipenda. Waandishi wengi huuliza mkono utakuwa na nguvu kiasi gani. Mimi ningeanza na swali jingine: huo mkono umeshikwa na nini?

Mota ya kuinua kilo 500 ipo hata leo. Shida inaanzia begani. Mkono wa binadamu umeungana na mifupa ya kiwiliwili mahali pamoja tu, pale mtulinga unapokutana na mfupa wa kifua. Kombe la bega lenyewe limeshikwa na misuli. Kwa hiyo hamali wako akiunyanyua mzigo wa nusu tani, chuma kitabaki kizima. Kitakachoachia ni mtulinga na misuli ya bega, na hivyo vikisalimika, zitafuata pingili za uti wa mgongo.

Tuseme umempa mifupa ya titaniamu mwili mzima. Bado ataanguka. Chukua karatasi: mtu ana kilo 70, mzigo kilo 500, ameushika sentimita 60 mbele yake. Kitovu cha uzito wa vyote viwili kitakuwa zaidi ya nusu mita mbele ya vifundo vya miguu yake, na vidole vyake havifiki hata nusu ya umbali huo. Atapinduka kifudifudi kabla mzigo haujaacha sakafu. Ukipita karibu na bandari ya Kilindini zitazame kreni: nguvu yake imo kwenye miguu iliyotanuka juu ya reli na uzito ulioko nyuma. Mkono peke yake hauna vitu hivyo.

Jambo hili lilishajaribiwa. Kampuni ya General Electric ya Marekani ilianza mwaka 1965 kutengeneza vazi la chuma lililoitwa Hardiman, shabaha ikiwa kuinua kilo 680. Vazi lenyewe lilikuwa na uzito wa karibu kiasi hicho hicho. Hadi mradi unafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ulikuwa mkono mmoja tu uliofanya kazi ya kuridhisha. Walipojaribu kuliendesha vazi zima, lilirusha viungo kwa fujo bila kutii. Basi kama kilo 500 huziachi, mpe hamali wako fremu inayoshuka kutoka begani, ikapita kiunoni, ikafika ardhini. Ila mimi ningekushauri uziache. Gunia la mahindi la kilo 90 linatosha kabisa. Mtu anayenyanyua magunia ya kilo 90 kuanzia alfajiri mpaka magharibi, siku baada ya siku, bila mkono kutetemeka, huyo tayari amewapita mahamali wote wa Shimanzi. Na magoti yake, ambayo bado ni ya nyama, yatakuwa yanalipa gharama kimyakimya. Hapo una mgogoro mzuri kuliko nusu tani.

Sasa joto. Jambo hili waandishi hulisahau, nalo kwa Mombasa ni kubwa. Kunyanyua kilo 500 mita moja kwenda juu kunahitaji nishati ya jouli 4,900. Tuseme mota na gia zinapoteza nusu ya umeme unaotoka kwenye betri: basi jouli nyingine 4,900 zinabaki ndani ya mkono kama joto. Ikiwa sehemu za alumini zina uzito wa kilo 2, kila mnyanyuo unapandisha joto lake kwa karibu nyuzi 2.7. Minyanyuo kumi ya harakaharaka ni nyuzi 27. Na hiyo ni mchana wa mwezi wa Machi, hewa yenyewe iko kwenye nyuzi 32 ndani ya godauni la mabati lisilo na upepo. Mkono unakaribia nyuzi 60, na kwa joto hilo ngozi inayogusa chuma huungua kwa sekunde chache. Kwa gunia la kilo 90 joto ni chini ya moja ya tano ya hilo, kwa hiyo mhusika anaweza kufanya kazi, lakini itambidi apumzishe mkono, autie kivulini, pengine aumwagie maji. Onyesha hayo. Msomaji fundi atakuamini papo hapo.

Maungio ya gutu, yaani kipande cha mkono kilichobaki, na mkono wa bandia ndiyo yanayostahili kurasa nyingi zaidi. Mkono bandia wa kawaida huvaliwa kwa soketi, yaani kikombe kigumu kilichochongwa kwa kipimo cha gutu la mtu. Gutu halikai na umbo moja: hunywea na kuvimba kadiri siku inavyokwenda, na wavaaji wengi hubeba soksi za ziada za kuongeza pale soketi inapolegea. Ndani ya soketi kuna elektrodi zinazogusa ngozi na kusikiliza umeme wa misuli, umeme mdogo sana, wa sehemu ya elfu ya volti au chini ya hapo. Jasho likiingia, soketi inateleza, elektrodi zinahama, na vidole vinaanza kufunguka bila kuamriwa. Mvaaji anauvua mkono, anapangusa gutu, anakausha soketi, anavaa upya. Kwa unyevu wa hewa ya pwani hii, atafanya hivyo kila mara.

Njia ya pili ni kuuchomeka mkono kwenye mfupa wenyewe. Daktari wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, aligundua miaka ya 1950 kwamba mfupa hukua ukaishika titaniamu. Mwaka 1965 akaanza kuitumia kwa meno ya bandia, na mwaka 1990 njia hiyo ikatumika kwa mtu aliyekatwa mguu. Hapo soketi na jasho lake vinaondoka, lakini chuma kinatoka nje kupitia ngozi, na pale kinapotokea hapafungi kabisa. Ni mlango wa vijidudu kwa maisha yote, unahitaji kusafishwa kila siku. Ikiwa hamali wako ni mtu wa swala tano, fikiria anavyotia udhu: anauvua mkono, au anauacha? Maji yanafika wapi? Hukumu yake muulize sheikh, lakini tendo lenyewe liandike, maana hakuna msomaji wa Mombasa atakayeliruka.

Kuna la hisia pia. Mikono mingi ya bandia ya leo haimrudishii mvaaji habari yoyote ya mguso. Anaitazama kwa macho na kusikiliza mlio wa mota ajue ameshika kwa nguvu kiasi gani. Mtie hamali wako barazani Mji wa Kale jioni, muuza kahawa ampe kikombe kile kidogo cha kahawa tungu. Kwa mkono huo kushika kikombe ni kazi ngumu kuliko kubeba gunia. Akibana kidogo zaidi kinapasuka, akilegeza kinaanguka, na wenziwe wanapiga soga huku yeye macho yake hayatoki kwenye vidole.

Kuhusu chipu, ningeitoa. Mtu mzima akiona kitu na kuitikia hutumia kama moja ya tano ya sekunde, na sehemu kubwa ya muda huo inaishia kwenye jicho na ubongo unaoamua. Safari ya amri kutoka ubongoni hadi mkononi ni karibu moja ya hamsini ya sekunde, kwa hiyo hata ukiifuta yote hujapata kasi ya ajabu. Zaidi ya hapo, chipu za ubongo zilianza kwa waliopooza. Mwaka 2004 Matthew Nagle, Mmarekani aliyepooza kuanzia shingoni, alisogeza kishale cha kompyuta kwa elektrodi 96 ubongoni mwake. Mwaka 2024 kampuni ya Neuralink ilimwekea mtu wa kwanza kifaa chenye elektrodi 1,024, na baada ya wiki chache baadhi ya nyuzi nyembamba zinazobeba elektrodi hizo zikachomoka kutoka mahali pake. Aliyekatwa mkono hahitaji kufunguliwa fuvu, kwa sababu neva za mkono wake bado zipo ndani ya gutu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, madaktari wa Chicago walizihamishia neva kama hizo, za mtu aliyekatwa mkono begani, kwenye misuli ya kifua: mgonjwa akiwaza kufunga kiganja, msuli ule unacheza na mkono wa bandia unafunga. Mpe huo upasuaji, ila kwake yeye, aliyekatwa juu ya kiwiko, neva zihamishiwe kwenye misuli iliyobaki ya gutu. Acha msomaji aone gutu la mtu likipwita kila anaposhika kitu.

Mwisho, amua mkono ni mali ya nani. Kulikuwa na jicho la bandia la umeme kwa vipofu, Argus II, la elektrodi 60, lililoidhinishwa Marekani mwaka 2013. Liliwekwa kwa zaidi ya watu 350 duniani. Kisha kampuni iliyolitengeneza ikaingia matatizoni na kuacha kulihudumia, na wagonjwa wakabaki na vifaa ndani ya macho yao, bila vipuri na bila wa kumuuliza. Mwenye godauni akimnunulia hamali mkono, siku akimfuta kazi anaudai? Rekodi za magunia aliyobeba, ambazo mkono unazihifadhi, anazisoma nani? Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, unaweza kuijengea kesi nzima. Na programu ya mkono ikifungwa kutoka ng'ambo, nani mjini ataufungua? Wapo vijana wa Mombasa wanaofufua simu zilizozama baharini. Mmoja wao anastahili kuwa mhusika wako wa pili.

Chumvi ya bahari isikusumbue kwa upande wa titaniamu, haishiki kutu. Linda viunganishi vya betri na sehemu za alumini, maana hivyo huliwa na chumvi. Ukimaliza sura ya upasuaji nitumie, nitaipitia kabla hujaipeleka kwa mchapishaji.