Kabla Hujajaza Fomu ya Ualimu

Kila mwaka hualikwa katika skuli mbili tatu hapa Pemba kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne juu ya kazi watakazozifanya baadaye, na kila mwaka zamu yangu huja baada ya daktari na mhandisi, wakati wasikilizaji wameshachoka. Nikiuliza nani anataka kuwa mwalimu, huinuka mikono mitatu au minne, na mmoja kati ya hiyo huwa umeinuliwa kwa mzaha. Siwalaumu. Mwalimu ni mfanyakazi ambaye kijana amemtazama akiwa kazini kwa zaidi ya miaka kumi, na kwa hiyo anadhani anaijua kazi yenyewe, ilhali alichokiona ni upande mmoja tu wa ubao.

Mimi upande wa pili nilianza kuuona nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Nilipewa darasa la sita, somo la hisabati, mada ya kujumlisha sehemu, na andalio la somo nililiandika kwa hati nzuri kuliko barua yoyote niliyowahi kuiandika. Niliweka ubaoni 1/2 + 1/3, nikaonyesha namna ya kutafuta kigawe kidogo cha shirika, tukapata 5/6, kisha nikatoa zoezi. Nilipopita baina ya madawati nikakuta mtoto mmoja ameandika 2/5. Nikarudi ubaoni nikaeleza tena, na mara ya tatu tena, sauti ikipanda kila mara kana kwamba tatizo lake lilikuwa masikio. Mwalimu mwenyeji, aliyekuwa amekaa nyuma akiniandikia tathmini, alinyanyuka taratibu, akainama mbele ya mtoto yule na kumwambia, "Hebu nieleze wewe, umefanyaje?"

Mtoto hakusita. Alisema kwamba jana alipiga penalti mbili akafunga moja, kisha akapiga nyengine tatu akafunga moja. Kwa hiyo amepiga tano na amefunga mbili.

Kwa penalti, hesabu hiyo ni sahihi kabisa. Mwalimu yule hakumwambia kuwa amekosea, bali alimuuliza: ukila nusu ya mkate wa boflo, kisha ukaongezwa theluthi ya mkate ule ule, utakuwa umekula zaidi ya nusu au chini ya nusu? Mtoto akacheka, akaliangalia daftari lake, na akaona mwenyewe kuwa 2/5 ni ndogo kuliko nusu aliyoanza nayo. Zilipita kama dakika tatu. Mimi nilikuwa nimetumia robo saa na chaki nzima.

Nakisimulia kisa hiki kwa sababu wengi wenu mnaoniambia mnataka ualimu mnanitajia alama zenu: mmoja ana A ya baiolojia, mwengine anaongoza darasa kwa Kiswahili. Alama hizo zina kazi yake, kwani asiyelijua somo hana cha kufundisha. Hata hivyo, aliyepata A anaijua njia ya kufika kwenye jibu, na mwalimu anatakiwa azijue pia njia za kupotea, tena awe na hamu ya kweli ya kujua huyu aliye mbele yake amepotelea ipi. Ikiwa kosa la mwenzako hukuudhi tu na halikutii shauku ya kuuliza amefikaje hapo, basi iko kazi nyengine itakayokufaa zaidi, na hakuna aibu yoyote kuligundua hilo sasa kuliko kuligundua ukiwa na watoto sitini mbele yako.

Wengi wenu mmeshajaribu kazi hii bila ya kuihesabu kuwa ni kazi. Katika vyuo vyetu vya Kurani mwanafunzi mkubwa hukabidhiwa wadogo awasomeshe, na bila shaka yupo kati yenu aliyekaa mkekani na mtoto wa miaka sita anayechanganya herufi mbili zile zile kwa wiki nzima. Jikumbuke ulivyokuwa mara ya saba. Ulitafuta namna nyengine ya kumwonyesha, au ulirudia maneno yale yale kwa ukali zaidi? Mimi ningeliamini jibu lako la dhati kwa swali hilo kuliko cheti chako.

Upo pia muda mrefu baada ya mtihani wa kidato cha nne, ambao hufanyika Novemba, hadi kidato cha tano kinapoanza katikati ya mwaka unaofuata. Wengi huutumia kwa kozi ya kompyuta, nami siipingi. Lakini nenda pia katika skuli ya msingi uliyosoma, umwombe mwalimu mkuu akuruhusu kukaa darasani na kumsaidia mwalimu kusahihisha madaftari. Ukiwa humo, usimtazame mwalimu; yeye umeshamtazama vya kutosha. Watazame watoto, hasa yule anayenakili kila kitu kwa unadhifu na haelewi hata kimoja, kwa sababu huyo ndiye anayewapita walimu wengi bila ya kuonekana.

Kuhusu njia za kuingilia sitasema mengi, maana masharti hubadilika na ni lazima myasome kwenye matangazo ya mwaka wenu. Ipo ngazi ya stashahada na ipo ya shahada, na hapa kwetu Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina kampasi ya Nkrumah huko Beit-el-Ras, mahali ambapo walimu wetu wengi wamepitia tangu zamani, na kinayo kampasi Wete. Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait kilichopo Chukwani nacho kilianza mwaka 1998 kikiwa chuo cha elimu. Jambo moja tu nalisisitiza: mwalimu wa sekondari kwa kawaida huandaliwa kufundisha masomo mawili, basi uchague mchepuo wa kidato cha tano ukilijua hilo, na kama hisabati au fizikia zinakubaliana nawe, jua kwamba walimu wake ni wachache na wanatafutwa.

Sasa yale yasiyosemwa kwenye mikutano hii. Mshahara utakulisha lakini hautakutajirisha, na wenzangu wengi wana shamba au duka la pembeni. Unaweza kupangiwa kisiwa cha Kojani au cha Fundo, ukawa unavuka kwa mashua kwenda kazini. Skuli nyengine zina mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, na darasa la mchana huwa na joto na watoto walioamka tangu alfajiri. Msimu wa karafuu utaona vichwa vimelala juu ya madawati saa mbili za asubuhi, na kabla hujakasirika uangalie vidole: aliyekesha akichambua karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake, ana doa la hudhurungi kwenye ncha za vidole. Tena sekondari utafundisha kwa Kiingereza mtoto ambaye nyumbani na uwanjani anazungumza Kipemba, na mara nyingi hutajua kama amekosa fizikia au amekosa neno.

Heshima ipo, na visiwani kwetu hudumu. Hayati Ali Hassan Mwinyi alikuwa mwalimu Mangapwani miaka mingi kabla ya kuwa Rais. Na Maalim Seif Sharif Hamad, mzaliwa wa Mtambwe, alifundisha skuli katika miaka ya 1960, akaingia katika siasa na kushika vyeo vikubwa hadi alipofariki mwaka 2021, wala jina la Maalim halikumtoka. Hata hivyo, simshauri kijana aufuate ualimu kwa ajili ya kuitwa maalim sokoni, kwa sababu sokoni unakwenda mara moja kwa siku na darasani unaingia vipindi sita.

Mkienda kuomba nafasi ya kujitolea, msiombe darasa lenye mtihani wa taifa, ambalo lina mbio zake na mwalimu wake hana muda na mgeni. Ombeni la pili au la tatu, mkondo wa asubuhi, na mchukue daftari la kuandikia makosa ya watoto kama walivyoyafanya, neno kwa neno, kabla ya kuyasahihisha.