Jibu: Kuwafundisha watoto lishe bora kwa chakula cha nyumbani

Dada, umeuliza utawafundishaje lishe watoto wa darasa lako huko Chamwino wakati kwao ni ugali na mlenda tu. Tafadhali usianze na picha za tufaha na maziwa ya boksi, watakionea aibu chakula cha mama zao. Mlenda ni mboga ya majani, na ukiungwa karanga unaongezeka protini na mafuta. Peleka kinu darasani, watwange karanga wenyewe, waonje mlenda mtupu kisha ulioungwa. Ubuyu nao una vitamini C, lakini ule mweupe wa asili, si huu wa rangi na sukari wanaouziwa getini. Kunde na choroko pia zipo. Waalike na mama zao, uwasikilize kwanza wanavyopika.